Kabla Hujanunua Monita ya Mtoto, Hesabu Masikio ya Nyumba

Haya niliyasema Jumapili baada ya Asr hapa Lamu, mbele ya wazazi wapya. Waliokosa wameniomba niyaandike, basi nimeyaandika vile vile yalivotoka mdomoni, na musinihesabie makosa ya kuandika, mimi mkono wangu wajua bisibisi, kalamu ishanitoka.

Assalaam alaykum warahmatullah. Mama zangu, dada zangu, na nyinyi akina baba mulojipanga kule nyuma karibu na mlango kama abiria waongojea boti, songeni mbele, hapa hakuna nauli.

Wengi mwanijua, mimi ni fundi wa simu na redio, kibanda changu kiko Langoni. Si daktari wala si nesi. Watoto ninao watatu, huyu wa mwisho ndo anatambaa sasa na jana nimemtoa chaja mdomoni. Nimeitwa hapa kwa sababu moja, mwezi huu pekee nimeletewa monita za watoto nne kibandani, moja imeungua, moja haishiki, moja yapiga kelele usiku kucha, na ya nne mwenyewe hajui hata aifanyie nini, ametumiwa tu na dadake yuko Ujerumani na box lake zuri. Nkamwambia mwalimu hapa, hawa watu wanunua kwanza ndo waje waniulize, ingekuwa vyema waniulize kwanza. Akasema haya, njoo uulizwe.

Kwa ambaye hajaiona, monita ya mtoto ni vidude viwili. Kimoja chakaa na mtoto, kina maikrofoni na siku hizi aghlabu kina kamera, cha pili wakaa nacho wewe popote ulipo, mtoto akilia wasikia. Basi. Mengine yote ni marembo.

Na si kitu cha leo. Ya kwanza kuuzwa ilitoka Marekani 1937, kampuni ya Zenith ya Chicago, ikaitwa Radio Nurse, yaani nesi wa redio. Umbo lake lilibuniwa na Isamu Noguchi, mchongaji sanamu mwenye jina kubwa, na ukiiona picha yake ni kama kichwa cha mtu kisicho na macho wala pua, mimi ningewekewa hiyo kando ya kitanda ningelia zaidi ya mtoto. Sauti ilikuwa yapita kwenye waya za stima za nyumba. Sasa iliundwa kwa nini? 1932 kulikuwa na rubani mashuhuri kule, Charles Lindbergh, mwanawe mchanga aliibwa usiku kutoka chumbani ghorofani na wazazi wako ndani ya nyumba hiyo hiyo wala hawakusikia, na yule mtoto hakurudi hai. Matajiri wa Marekani wote wakaingiwa na baridi. Mkubwa wa Zenith, Eugene McDonald, naye alikuwa na binti mdogo, akataka kitu cha kumsikilizia.

Sasa itazameni ile nyumba. Kubwa, mtoto juu peke yake na mlango umefungwa, baba na mama chini, hakuna nyanya, hakuna shangazi, hakuna jirani wa kusikia. Monita iliundwa kujibu swali la nyumba kama ile. Swali langu kwako ni dogo tu, nyumba yako ndo ile?

Maanake nyumba zetu za mawe hapa mwazijua. Boriti ya mkoko haipiti mita tatu hivi, kwa hivo chumba hata ukiwa na pesa vipi hakiwezi kuwa kipana, chaenda urefu. Ukilala kitandani na mtoto kando kwenye kitanda chake, ukinyoosha mkono wamfikia. Na wazee wetu mzazi, yaani mama alojifungua, wakimtia nyumba ya kati, kule ndani kabisa, kuingia kwake lazima upite kwa watu. Aliyeijenga alishalifikiria hili la monita kabla ya stima.

Ntawaambia ya kwangu. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa shemeji yangu yuko Uingereza akatutumia kamera, moja ya hizi za waifai, na mimi fundi bwana, nkaona hii ndo siku yangu. Nkaipachika kwenye kidaka, kile kishimo cha ukutani, juu ya kitanda, nkaiunga na simu, picha safi, mtoto namuona nikiwa kibandani, nawaonyesha wateja. Siku ya tatu mkwe wangu akaingia na beseni la maji moto amkande mwanawe, akakiona kile kitaa chekundu.

"Hichi ni nini?"

Nkamwambia, "Ni kamera mama, twamuangalia mtoto."

"Kina mato?"

"Ndio mama, kina macho."

"Na ni nani aonao?"

Nkaanza kuhesabu, mimi, mama mtoto, na shemeji akitaka kule Uingereza, maana yeye ndo aliyeifungua ile akaunti. Sikumaliza. Akavua leso yake ya mabega akaifunika ile kamera, akaniambia bila kupandisha sauti, "Mumenitilia mwanamume ukutani, na mzazi yuko wazi yuwakandwa." Kisha akauliza kama huyo alo ukutani ni maharimu wa nani. Sikuwa na jibu, na lililoniuma zaidi ni lile ambalo yeye hakulijua na mimi nalijua, paswadi ya ile kamera sikuwa nimeibadilisha. Ilikuwa ile ile ilotoka nayo kiwandani, ambayo kila mwenye kamera kama ile duniani anayo.

Musidhani hayo ni ya kufikiria. 2013 kule Houston, Marekani, wazazi walisikia sauti ya mwanamume chumbani kwa binti yao wa miaka miwili, yatukana, mbio mbio waingie hawaoni mtu, kumbe ni mgeni ameingia kwenye monita kupitia intaneti na kamera yamfuata baba akitembea. Kwa hivo mwenye ya waifai, leo hii kabla ya Maghrib badilisha paswadi, ya kamera na ya waifai yenyewe, sasisha programu yake ikikuomba, na chumba ambacho mzazi akandwa na kunyonyesha na shangazi zake waingia bila buibui, kamera usiiweke, weka ya sauti peke yake ikiwa lazima uweke. Hilo mkwe wangu hakuhitaji intaneti kulijua.

Ile ile kamera ilikuwa na kipimajoto. Kule Uingereza huwaambia wazazi chumba cha mtoto kiwe digrii 16 mpaka 20. Lamu! Chumba chetu usiku na feni yazunguka ni 28, 29, basi ile skrini yawaka nyekundu kuanzia Isha mpaka alfajiri, na mke wangu mzazi wa kwanza akawa halali, yuwampepea mtoto na kipepeo usiku kucha, mtoto mwenyewe amelala zake raha mustarehe. Dawa yake ni mkono. Mtie mkono shingoni nyuma au kifuani, ukipata jasho mpunguze nguo, viganja na nyayo zisikudanganye hizo huwa baridi tu. Hapa kwetu hatari ni ile ya kumvisha mtoto kofia ya sufi na soksi mwezi wa pili, kisa ati upepo.

Basi turudi kwenye masikio. Siku ile mkwe alipofunika kamera nlinuna kidogo, akaniita, akasema tuhesabu masikio ya nyumba hii. Mke wangu, mmoja. Yeye mwenyewe, wa pili, na yuwalala chumba hicho hicho. Shangazi mkandaji, mamangu chini, dadangu, na jirani upande wa pili wa wikio, kile chumba kivukacho juu ya njia, ambaye mtoto akikohoa tu asubuhi aja kuuliza mulimpa nini. Sita. Nkasema haya mama nimefahamu. Akaniangalia akasema, "Na yako?"

Yangu sikuwa nimeyahesabu. Na nyinyi hapo nyuma musicheke.

Sasa hapa ndipo nilipotaka kufika, kwa sababu masikio huhama. Arobaini ya uzazi ikiisha mkwe alipanda boti akarudi kwao Malindi, shangazi naye akaenda kwa mzazi mwengine, dadangu akaolewa mwaka ule, na siku ya arobaini na moja nyumba ilokuwa na masikio sita, ukimtoa mamangu alo chini na jirani alo ng'ambo, karibu na mtoto yakabaki mawili, ya mke wangu yaliyochoka, na yangu mimi ambayo usiku huzibwa na nini Mungu ndo ajua. Watu hununua monita mimba ikiwa na miezi saba, wakati ule ambao hawajui lolote na dukani kila kitu chaonekana cha lazima. Ngoja. Ngoja mpaka wageni waondoke, kisha kaa usiku mmoja uhesabu, ni nani amsikia, ni nani ainuka, na ni mbali gani. Wanaofanya kazi za mshahara, sheria ya ajira ya 2007 yampa baba likizo ya wiki mbili na mama miezi mitatu, na najua wengine hizo wiki mbili huzimalizia barazani wakipokea hongera.

Kisha kuna hili la madaktari, na hili nimeuliza kwa wenyewe kliniki kabla ya kuja. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, nchi ile ile ilouza monita ya kwanza, chasema mtoto alale chumba kimoja na wazazi wake, juu ya kitanda chake mwenyewe, angalau miezi sita ya mwanzo. Alazwe chali. Godoro gumu lililo sawa, pasiwe na mto, blanketi zito wala midoli. 1994 Wamarekani walianza kampeni ya kuwaambia watu wamlaze mtoto chali, na vile vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua zaidi ya nusu kule. Kwa kumgeuza tu mtoto. Wala hakikuuzwa kitu.

Sasa wewe mtoto yuko chumba kimoja nawe, mkono wamfika, monita itasikia nini ambacho wewe hukisikii? Miezi sita hiyo ndo ile ambayo watu waogopa zaidi, na ndo ile ambayo chombo hakina kazi. Kikianza kuwa na kazi ni baadaye, mtoto akihamia chumba chake au wewe ukianza kumwacha akilala ukashuka chini.

Na ziko zile nyengine za bei kubwa, soksi mtoto avishwa mguuni yapima pigo la moyo na oksijeni yatuma kwa simu. 2021 mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya Marekani iliiandikia barua ya onyo kampuni ya soksi moja mashuhuri, kwamba yauza kitu cha hospitali bila kibali, ikaacha kuiuza kule, mpaka 2023 ndo toleo jipya likapata kibali. Hao hao madaktari wa watoto wasema usitegemee chombo cha nyumbani kumkinga mtoto na kifo cha ghafla. Mtoto ambaye daktari amesema apimwe nyumbani huyo ni mwengine, kwa mfano alozaliwa kabla ya wakati na ana shida ya pumzi, huyo fuata la daktari wake usifuate la fundi.

Tena mtoto mchanga hapumui kama sisi. Hupumua mbio mbio, kisha akasita, sekunde tano, hata kumi, kisha akaendelea, na ni kawaida yake. Mama akiwa amekodoa macho kwenye skrini saa nane usiku zile sekunde kumi ni mwaka mzima. Nimemuona mmoja alokuja kibandani macho yameingia ndani, asema hajalala wiki, kitoto chake kizima kabisa, mgonjwa ni yeye.

Monita ya bure ni hii. Mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua, hesabu pumzi kwa dakika moja nzima, usihesabu nusu ukazidisha kwa sababu ya kule kusitasita kwake. Ikifika 60 au zaidi, hesabu tena, ikiwa bado ni 60 usingoje asubuhi. Na kifua kikibonyea ndani akivuta pumzi, akikataa kunyonya, akishikwa na degedege, akiwa hatikisiki mpaka umguse, joto kufika 37.5 kwenda juu au mwili kuwa wa baridi chini ya 35.5, kimbia hospitali. Haya yote yamo kliniki, waulizeni, wamechoka kuyasema lakini watayasema tena. Hakuna hata moja hapo ambalo chombo cha sauti kitakwambia, kwa sababu mtoto mgonjwa sana halii. Hunyamaza.

Haya, sasa kwa wale ambao wamehesabu na wameona masikio hayatoshi, wanataka kununua. Hapa ndo kwangu.

Kwanza ukuta. Kuta za mji huu ni matumbawe na chokaa, nyingi nusu mita hivi unene, na dari zake nzito vile vile. Pale kwenye box wameandika mita 300, hizo mita ni za uwanjani, mbele ya macho, hakuna kitu katikati. Ile moja niloletewa ambayo haishiki haina ubovu wowote, nimeiwasha kibandani inashika mpaka ufuoni, lakini nyumbani kwa mwenyewe kuna kuta tatu na ghorofa moja katikati. Ukinunua, ongea na muuzaji akubali uirudishe, uijaribu nyumbani siku hiyo hiyo, mmoja akae na kile cha mtoto na wewe uzunguke, jikoni, darini, barazani. Aliyejenga kwa bloku na mabati naye ajaribu vile vile.

Pili stima. Ile iliyoungua ililetwa kutoka Marekani, adapta yake imeandikwa INPUT 120V, na sisi hapa stima ni volti 240. Jamaa akatafuta kigeuzi cha plagi cha shilingi hamsini, akachomeka, ikatoa moshi mtoto yuko kando. Kigeuzi cha plagi hugeuza umbo la meno tu, hakigeuzi volti. Tazama maandishi madogo ya adapta, ikiandikwa 100-240V iko salama. Na hizi za Marekani zina jengine, zile za DECT, yaani redio ya zile simu za nyumbani zisizo na waya, za kule zatumia masafa ya megahezi 1920 mpaka 1930, na hapa kwetu hayo ni ya simu, kwa hivo waweza kuwa wamsikiliza mtoto na wakati huo huo waharibia jirani mtandao. Ya Ulaya yatumia 1880 mpaka 1900. Shangazi yako akiuliza akununulie wapi mwambie Ulaya.

Na waya, kama kitu kimoja tu mutakikumbuka leo kiwe hiki, waya wa monita uwe mbali na kitanda cha mtoto mita moja nzima. Mtoto akianza kuketi huvuta, na waya huzunguka shingo. Marekani watoto wamekufa kwa waya za hivi hivi vidude vya kuwalinda.

Stima ikikatika je, au tokeni ziishe saa tisa usiku. Ya waifai inakufa hapo hapo na ruta, na nyingi hata intaneti ikikatika peke yake na stima ipo huwezi kumuona mtoto alo chumba cha pili, kwa sababu picha yake yatoka hapa yaenda nchi za watu ndo irudi. Kwa hivo nataka mukiijaribu muzime swichi kubwa ya nyumba musikilize. Ile nzuri hupiga kelele, kwamba nimempoteza mwenzangu. Mbovu hunyamaza, na mtoto alolala pia amenyamaza, na wewe huwezi kujua ni kimya gani hicho.

Ndo maana ile hila ya simu mbili siipendi sana. Mwaijua, wapiga simu kutoka kitochi kimoja hadi chengine waacha kimoja kando ya mtoto laini iko wazi. Dadangu mmoja Malindi alikuwa akifanya hivo, yeye hukaanga mahamri na viazi nje ya plot, chumba chake ni cha hatua kama ishirini ndani, na kumweka mtoto karibu na karai la mafuta ya moto hawezi, amefanya la akili. Ila siku moja kile kitochi kikaisha chaji, yeye akajua mtoto amelala, tuktuk zapita, mafuta yalia, alipoingia kuchukua unga akamkuta mtoto amelia mpaka sauti imekauka. Huyo nlimnunulia monita ya sauti, ya kawaida, haina kamera haina waifai, yatumia betri. Huyo ana haja nayo. Mafuta ya moto hayaondoki, na mtoto hawezi kukaa karibu nayo.

Sasa punda. Ile ya tatu, inayopiga kelele usiku kucha. Hizi zina kitu huitwa VOX, hukaa kimya mpaka sauti chumbani ipite kiwango fulani ndo ifungue. Kwa Mjerumani hiyo sauti ni ya mtoto peke yake. Kwa sisi ni punda kichochoroni, paka wapigana juu ya dari, adhana ya msikiti huu kisha wa pili kisha wa tatu, na jirani akohoa. Punguza ule usikivu, na kile cha mtoto kiweke ukuta wa ndani mbali na dirisha la njiani, si zaidi. Nlimfanyia dakika tano, hata pesa sikuchukua, nlichukua kahawa.

Hilo la punda nlijifunza kwa mtu mmoja, jina nalihifadhi, ni mama mtaani kwetu ambaye hasikii tangu utotoni. Mumewe ni mvuvi, usiku hayupo. Alikuwa akilala na kiganja juu ya tumbo la mtoto, ndo alivojua akilia, tumbo huruka. Usiku mmoja usingizi ukamzidi mkono ukateleza, mtoto akalia, majirani wakasikia, wakagonga mlango, na kugonga kwenyewe atakusikiaje, ikabidi kijana apitie darini kwa jirani. Watu wakachanga. Tukaagiza monita yenye kutetemeka, nkaenda kuiunga, kile cha mtoto nkakiweka, kile cha mama nkakitia chini ya mto wake, yeye ameketi kitandani ameupa ukuta uso makusudi ili asinione. Nkaenda chumba cha mtoto nkalia. Ndio, mimi huyu, nkalia kama mtoto mchanga na wanawake wa watu wamejaa mlangoni wacheka. Ule mto ukatetemeka, akaruka. Akakichukua kile kidude akakiweka shavuni. Kisha akanioneshea kidole, lia tena. Nlilia mara tatu.

Usiku wa kwanza punda walimuamsha mara nne, ndo nkarudi kukihamisha.

Kwa hivo mukiniuliza ni nani amhitaji huyu nesi wa redio, ntawaambia ni yule mama, na dadangu wa mahamri, na mwenye duka chini nyumba juu ambaye mtoto ametimiza miezi sita alala mchana, na mwenye pacha, na yule alo peke yake kwenye nyumba kubwa mume yuko safarini. Mwenye chumba kimoja na mkwe ndani, pesa hizo anunue kitanda cha mtoto kilicho imara na chandarua kizuri, na zikibaki, amlipe msichana aje afue nguo mama alale mchana.

Kuna kijana hapa ameinua mkono tangu zamani. Ndio bwana. Asema ashainunua, mke wake ana miezi saba, aifanyeje, airudishe? Una risiti? Huna. Basi iweke kwenye box lake, usiifungue, siku ya arobaini na moja njoo nayo kibandani tuzungumze. Na dada huyu auliza vile vimito vya kuunda kichwa cha mtoto, mto ni mto, utoe. Wenye vyombo vibovu nileteeni kuanzia kesho, Ijumaa sifungui mpaka baada ya swala, na tafadhali leteni na adapta yake, mtu huniletea kidude kitupu aniambia hakiwaki, sasa nikiwashe na nini.

Nlikuwa na jengine la kusema kuhusu kamera za mitumba lakini namuona mama watoto wangu amesimama pale mlangoni na huyu mdogo begani, na huyo mdogo analia, na nyote mwamsikia. Ni zamu yangu. Wassalaam alaykum.